Sura ya Nne: Matilaba ya Matendo

Mwulize mvuvi kwa nini huamka usiku wa manane kuyawahi maji, naye atakujibu kuwa anataka samaki. Mwulize samaki ni wa nini, atasema ni wa kuuza apate fedha. Fedha za nini, atasema za chakula cha watoto, ada ya shule na mabati ya kuezekea nyumba. Lakini ukizidi kumwandama ukataka kujua nyumba iliyoezekwa vema ina faida gani, atakutazama kwa mashaka, kwa sababu amekwisha kukufikisha mahali ambapo kila mwenye busara huacha kuuliza. Anataka akae raha, basi. Aristotle, aliyefundisha Athens katika karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliona kuwa watu wa kawaida na wanazuoni wote hukubaliana juu ya jina la kitu hicho cha mwisho, ambacho vingine hutakiwa kwa ajili yake nacho hakitakiwi kwa ajili ya kingine. Ila wakiulizwa ni kitu gani hasa, hutawanyika kila mmoja na njia yake, na hata mtu mmoja yule yule huwa na majibu mawili, kwani akiugua husema ni afya na akifilisika husema ni mali.

Tangu siku hizo kauli ya kwamba nyuma ya kila tendo la binadamu ipo furaha inayotafutwa imerudiwa mara nyingi, tena na watu wasiofanana kwa dini wala kwa tabia. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17 aliyekuwa mcha Mungu na bingwa wa hesabu kwa pamoja, hakumtoa katika kanuni hiyo hata mtu anayejinyonga. Wamarekani walipojitoa katika utawala wa mfalme wa Uingereza mwaka 1776, walikutaja kutafuta furaha pamoja na uhai na uhuru miongoni mwa haki ambazo Mungu amempa kila mtu, ingawa mwandishi wa waraka ule, Thomas Jefferson, alimiliki katika maisha yake watumwa mamia ambao furaha yao haikuingia katika hesabu. Neno linaloweza kuwaridhisha mtawa na mwenye watumwa kwa wakati mmoja lastahili kutiliwa shaka kidogo. Nia yangu ni kulipima, na sidhani kuwa litatoka katika mizani kama lilivyoingia.

Mtu aliyeitazama kadhia hii kwa jicho kali kuliko wote niliowasoma ni Ali bin Ahmad bin Hazm, mwanachuoni wa Cordoba katika Andalusia. Alizaliwa mwaka 994 katika nyumba ya jaha, baba yake akiwa waziri wa al-Mansur, yule aliyeitawala nchi kwa jina la khalifa hali khalifa mwenyewe amefungiwa ndani ya kasri lake; na utoto wake aliupitisha miongoni mwa wanawake, ambao ndio waliomsomesha Kurani, wakamhifadhisha mashairi na kumfundisha hati. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi fitina iliripuka katika mji, makasri yakaporwa, Waislamu wakauana wao kwa wao. Baba yake, aliyekwisha kuvuliwa cheo na kutiwa katika udhalili, akafa mwaka 1012, na mwaka uliofuata kijana akauhama mji aliozaliwa. Tangu hapo maisha yake yalikuwa ya kupanda na kushuka. Alifungwa zaidi ya mara moja. Alifanywa waziri wa khalifa ambaye hakukaa katika kiti hata miezi miwili kabla ya kuuawa. Na mwishoni, kwa sababu ya ulimi wake usiojua kupunguza makali, vitabu vyake vilichomwa moto Seville kwa amri ya mtawala wa mji huo. Mwanawe alikadiria kuwa karatasi ambazo baba yake aliziandika kwa mkono wake zilifika 80,000. Alifariki mwaka 1064, mbali na mabaraza ya wakubwa, katika shamba la wazee wake.

Mtu huyo aliyeona mengi hivyo aliacha kitabu kidogo juu ya tabia za watu na matibabu ya nafsi, na ndani yake akaeleza kwamba alitafuta jambo moja ambalo watu wote wanakubaliana kuwa ni jema na wote wanaliandama, asilipate ila moja tu, nalo ni kuondokana na wahaka. Njia aliyoipita kufika hapo inapendeza kuifuata. Matilaba nyingine zote, asema, zina watu wasiozitaka: wapo wasioitaka akhera kwa kuwa hawaiamini; wapo waliochagua kufichika kuliko kutajwa; wapo walioikataa mali, kama walivyofanya wengi katika manabii na watawa; wapo wasiojali ladha za mwili; wapo hata wanaoona ujinga ni starehe kuliko elimu. Lakini hajapata kuzaliwa mtu aliyeamka asubuhi akautaka wahaka kwa ajili ya wahaka wenyewe, wala aliyeona vema ukae naye. Akiisha kulishika hilo anaturudisha katika soko la dunia na kutuonyesha kila mmoja anakimbia nini. Mtafuta mali anaukimbia wahaka wa ufukara, mtafuta cheo anaukimbia wahaka wa kuwa chini ya mwingine, mtafuta elimu anaukimbia wahaka wa kutokujua, apendaye mazungumzo anaukimbia wahaka wa upweke, na alaye, anywaye, aoaye, avaaye, achezaye, ajengaye, atembeaye na atuliaye, wote wamo katika mbio hizo hizo.

Tofauti baina ya kauli hii na ile ya Aristotle yaweza kuonekana ndogo, kama kwamba mmoja amesema watu wanakwenda mashariki na wa pili amesema wanaikimbia magharibi. Si ndogo. Aendaye mahali hujua akifika. Akimbiaye hajui, kwa kuwa kila akiponyoka na kimoja hukutana na kingine, na Ibn Hazm mwenyewe aliliona hilo, akasema kuwa kila dawa ya wahaka katika mambo ya dunia huzaa wahaka mpya, isipokuwa kazi ifanywayo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Tena kauli yake inatueleza nyuso za watu, jambo ambalo kauli ya furaha haiwezi kulieleza, kwani kama watu wangekuwa wanaiandama furaha mchana na usiku, tungetazamia kuwaona wakicheka zaidi kazini.

Chukua arusi, ambayo kila mtu huiita siku ya furaha. Baba wa mji mmoja wa pwani ameuza sehemu ya minazi yake ili amwoze binti yake kwa karamu isiyomwaibisha. Mtaa mzima umealikwa, na wasioalikwa wamekuja vile vile, kwa kuwa arusi ya pwani haina mlango. Mtazame wakati sinia za pilau zinapoanza kutoka uani. Hasikilizi kasida. Hatazami watu. Yuko jikoni nyuma ya ua, kanzu ameipandisha kwa mkono mmoja isiguse majivu, akimwuliza mpishi kwa mara ya tatu kama nyama iliyobaki katika sufuria la pili itawafikia waliokaa barazani, na mpishi, aliyepika arusi nyingi na kuwazoea akina baba wa namna zote, anamjibu pasipo kuinua macho, "Itatosha, mzee, rudi kwa wageni wako." Furaha ya mtu huyu itakuja alasiri, mgeni wa mwisho atakapokuwa amenawa mikono na hapana aliyeondoka na njaa, nayo, tukiiangalia vizuri, si furaha ya kupata kitu bali ni pumzi ya mtu aliyeepukana na izara. Minazi aliiuza ili watu wasiseme. Ibn Hazm angemtambua mara moja.

Katika kitabu hicho hicho kuna mahali pengine ambapo mwanachuoni huyu anataja ugonjwa uliomvimbisha bandama, ukambadilisha tabia akawa mwepesi wa hasira na mwenye kifua chembamba, hata akajishangaa mwenyewe. Naye akakata shauri kuwa bandama ndiyo makao ya furaha katika mwili. Matabibu wa leo watacheka. Hata hivyo ni wachache kabla yake, na si wengi baada yake, waliokuwa na uaminifu wa kukiri katika kitabu cha maadili kwamba uchangamfu wa mtu waweza kutegemea kiungo kimoja kilichougua.

Sasa niseme kwa nini kauli ya Ibn Hazm, pamoja na nguvu zake, hainitoshi. Nenda kwenye baraza yoyote ya mwambao baada ya sala ya alasiri uwatazame wazee wawili walioketi na bao baina yao, mashimo 32 katika safu nne, kete 64, kila mmoja akianza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba yake, na nyingine 22 mkononi kwa kunamua. Robo saa iliyopita wazee hawa hawakuwa na wahaka wowote. Wamekwisha kula, wamekwisha kusali, watoto wao ni watu wazima. Wameketi wenyewe, kwa hiari yao, kujinunulia wahaka. Mmoja anaiona nyumba yake imelengwa, jasho linamtoka. Hawezi kula, analazimika kutakata, huku watazamaji, ambao baraza haiwakosi, wakimpa mashauri asiyoyaomba. Ikiwa binadamu hutenda ili kuondokana na wahaka, wazee hawa wanatafuta nini?

Aliyelijibu swali la namna hii vizuri kuliko wengine ni padri wa Kiingereza, Joseph Butler, katika hotuba zake zilizopigwa chapa mwaka 1726. Alisema kuwa njaa haitafuti ladha, inatafuta chakula; ladha huja kwa sababu ilikuwapo njaa ya chakula, na kama hapangekuwa na hamu ya kitu kilicho nje ya nafsi, nafsi isingekuwa na cha kuifurahisha. Basi mzee wa bao hatafuti furaha. Anatafuta kete za mwenziwe. Furaha, na wahaka pia, vimeingia kwa sababu amezitaka kete hizo kweli kweli; na mtu atakayeketi pale akisema moyoni mwake kuwa yeye amekuja kufurahi tu, kete ziliwe au zisiliwe ni mamoja, atapiga miayo kabla hatua ya kunamua haijaisha, na mwenziwe atatafuta mtu mwingine wa kucheza naye.

Hoja hiyo yatusaidia pia kufumbua hadithi iliyoandikwa na John Aubrey juu ya Thomas Hobbes, mwanafalsafa ambaye watu wa zama zake walimjua kwa kufundisha kwamba kila mtu hujitakia nafsi yake. Hobbes alimpa sadaka mzee mnyonge katika barabara ya London, na kasisi mmoja aliyekuwapo akamwuliza kama angetoa lau dini isingeamrisha. Akajibu kuwa angetoa, kwa kuwa hali ya mzee yule ilimwumiza kuitazama, na sadaka iliyompunguzia mzee taabu ilimpunguzia na yeye maumivu. Ni jibu la werevu, tena ni jibu ambalo Ibn Hazm angelitia muhuri wake. Lakini kuna swali alilolipita: kwa nini aliumia? Mtu ajipendaye peke yake angempita mzee yule akiwa na moyo mweupe kabisa, asione haja ya kununua nafuu, kwa kuwa hana pa kuuma. Maumivu yenyewe ndiyo ushahidi kwamba mzee yule alikwisha kuingia katika moyo wa Hobbes kabla ya mkono kuingia mfukoni. Na anayeshikilia kwamba hata hivyo alijitafutia raha yake, na kwamba kila atendaye jambo lolote, liwe la huruma au la ukatili, la kuishi au la kufa, anajitafutia raha yake, huyo namwomba anionyeshe tendo moja ambalo lau lingetokea angekubali kuwa si hivyo. Akilikosa, basi hajaniambia neno juu ya watu.

Hapa nyumbani tunao mfano ulio mzito kuliko wa Hobbes. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa katika maradhi yaliyomkalia muda mrefu, na katika hali hiyo alitunga utendi wa kumwusia binti yake. Anaanza kwa kumwita aje karibu na wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anayotaka kumwambia. Kisha humwelekeza katika dini, katika adabu mbele za watu, katika kuiweka nyumba na kukaa na mume, na mwisho hurejea katika dua. Wapo leo wanaougombeza utendi huo kwa yale unayomtaka mke amfanyie mumewe, nao wana haki ya kusema wasemayo. Mimi natazama jambo jingine. Mama huyu alifariki miaka miwili hivi baadaye, na alipotunga alijua kuwa haponi. Arusi ambazo binti yake angekwenda hatazihudhuria, ugomvi wa nyumba hatauamua, wajukuu hatawalea. Ukiniambia kuwa alitaka kuondokana na wahaka, nitakubali bila ya kusita. Lakini ni wahaka wa siku za nani? Ni wa siku ambazo yeye mwenyewe hatakuwamo, nao ulimkaa kifuani kwa sababu alimpenda mtoto. Kwa hiyo nadhani Ibn Hazm alikosea kwa kusimama hatua moja kabla ya mwisho. Aliukuta wahaka nyuma ya matendo, wala hakukosea. Ila hakugeuka kutazama nyuma ya wahaka wenyewe pana nini, na aghalabu pana kitu au mtu tunayempenda kuliko tunavyopenda utulivu wetu.

Yule aliyejaribu kuifanya furaha kuwa elimu ya hesabu ni Jeremy Bentham. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alitaka sheria zote za nchi zipimwe kwa kipimo kimoja, yaani raha na maumivu zinazoyaleta kwa watu, na akaweka mambo saba ya kuipimia raha: nguvu yake, muda wake, uhakika wake, ukaribu wake, uwezo wake wa kuzaa raha nyingine, usafi wake wa kutochanganyika na maumivu, na idadi ya watu watakaoipata. Tusimcheke haraka. Kipimo hicho kilimfanya aulize maswali ambayo mawakili wa nchi yake hawakuyauliza, kama vile adhabu fulani inamfaa nani na mnyama anayepigwa anaumia kiasi gani. Na alikuwa thabiti katika itikadi yake hata akausia kuwa maiti yake ipasuliwe ili wanafunzi wa utabibu wajifunze, kisha mifupa ivalishwe nguo zake na kuketishwa katika kabati, ambamo ungali unaweza kumwona katika chuo kikuu kimoja cha London. Ubaya wa elimu ya Bentham haukudhihirika katika sheria. Ulidhihirika kwa kijana mmoja aliyelelewa kwayo.

James Mill, rafiki wa Bentham, aliamua kumfunza mwanawe John Stuart nyumbani, akamwanzisha Kiyunani akiwa na miaka mitatu na Kilatini akiwa na minane. Akiwa na miaka 15 hivi kijana alipewa maandishi ya Bentham, akayasoma, na alipofunga kitabu alijiona mtu mwingine, mwenye itikadi, mwenye falsafa, mwenye jambo la kuishi kwa ajili yake: atakuwa mtengenezaji wa dunia. Akapata kazi London katika ofisi za Kampuni ya Mashariki ya India, iliyokuwa ikitawala mamilioni ya watu pasipo kuwauliza, na humo mtetezi huyu wa uhuru alidumu zaidi ya miaka thelathini. Hilo ni jambo la kustaajabia, lakini si la sura hii. Mchana aliandika barua za Kampuni, saa nyingine aliandika katika majarida, na juu ya hayo yote alikuwa akipanga maandishi ya Bentham juu ya ushahidi wa mahakamani, kazi iliyojaza majuzuu matano. Mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 20, katika majira ya baridi yanayoingia, alijiuliza swali: lau mambo yote unayoyapigania yangetimia leo, sheria zote zikatengenea na fikira za watu zikageuka kama utakavyo, je, ungefurahi? Na nafsi yake ikamjibu, bila ya huruma, kuwa la.

Alieleza mwenyewe yaliyomfika katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1873, baada ya kufa kwake, na sijui maelezo mengine ya huzuni yaliyo makavu na ya kweli kama hayo. Aliendelea na kazi zake zote kwa mazoea. Vitabu alivyovipenda havikumwambia kitu. Hakumwendea baba yake, kwa kuwa alijua baba hataelewa, na kumwonyesha kuwa malezi yake yamekwenda mrama kungemwumiza bila ya faida. Hata muziki, uliokuwa starehe yake moja, ulimpa wasiwasi wa ajabu, kwani alianza kufikiri kuwa sauti za muziki ni chache, namna za kuzipanga zina mwisho, na siku moja nyimbo zote nzuri zitakuwa zimekwisha kutungwa. Msomaji akitaka kujua akili iliyolelewa kwa hesabu peke yake huomboleza vipi, na aliangalie jambo hilo.

Kilichomwokoa hakikuwa burhani. Alikuwa akisoma kumbukumbu za Marmontel, mwandishi wa Kifaransa, akafika mahali pa kufa kwa baba yake mwandishi, jamaa wameduwaa kwa msiba, na kijana yule, mtoto bado, anaona ghafla kuwa yeye atakuwa kila kitu kwao, atawafidia walichokipoteza. Mill akalia. Na machozi yalipokuja mzigo ukapungua, kwa kuwa alijua sasa kwamba si jiwe. Angalia ni kitu gani kilichomfikia: si raha aliyoahidiwa, wala si wahaka wake ulioondolewa, bali ni mtoto wa nchi nyingine, asiyemjua, aliyejitwika jamaa zake. Ni hali ya Mwana Kupona iliyogeuzwa, mtoto kwa wazazi badala ya mzazi kwa mtoto.

Baadaye Mill alisema kuwa hakuacha kuamini kwamba furaha ndiyo kipimo cha mwenendo, ila alijifunza kuwa haipatikani ikifanywa shabaha. Wenye furaha, kwa maoni yake, ni wale waliokaza macho juu ya kitu kingine, kama heri ya wenzao, au usitawi wa watu, au hata ufundi fulani unaopendwa kwa ajili yake wenyewe. Nao wakielekea huko hukutana na furaha njiani. Tena akaongeza kwamba ukijiuliza kama unafurahi, furaha huondoka papo hapo; na hilo ni kweli tupu, kwani afanyaye hivyo ni kama mtu anayejiamsha usiku kutazama kama amelala. Khalifa Abdurrahmani wa Tatu, aliyetawala Cordoba kutoka mwaka 912 hadi 961 na kujenga mji wa kifalme wa Madinat al-Zahra, inasimuliwa kuwa alizihesabu siku za furaha yake safi katika takriban miaka hamsini ya enzi akaziona ni 14. Watu huisimulia habari hiyo kuonyesha kuwa mali haina kitu. Mimi naona ni ajabu zilifika 14 kwa mtu aliyekuwa akiziwekea daftari.

Msomaji mjanja atauliza: basi, ikiwa furaha huwajia wasioitafuta, si niache kuitafuta ili inijie? Hila hiyo haifanyi kazi, na sababu tumekwisha kuiona katika baraza ya bao, kwani kete hazitakiwi kwa kujifanya. Mill hakuamua kulia. Imam Ghazali, aliyekuwa na cheo cha juu kuliko vyote katika elimu ya Baghdad, na wanafunzi mamia mbele yake, hakuamua kuwa bubu mwaka 1095. Aliukuta ulimi wake umefungwa, somo halitoki, chakula hakipiti, baada ya miezi ya kujisaili kama anafundisha kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya kutajwa. Akagawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto, akaondoka kwenda Damascus na Jerusalem na Makka, na katika miaka iliyofuata akaandika kwa Kiajemi kitabu alichokiita kimiya ya saada, yaani alkemia ya furaha. Waliokuwa wakikitamani kiti alichokiacha walidhani ameingiwa na wazimu, au amegombana na wakubwa.

Mill alistaafu mwaka 1858, Kampuni ilipovuliwa utawala wa India, mwaka ule ule ambao Mwana Kupona aliagiza wino na karatasi. Alimwoa Harriet Taylor mwaka 1851, baada ya kumjua kwa miaka ishirini, na baada ya kustaafu wakasafiri kuelekea kusini kwa ajili ya afya. Harriet akafia njiani, Avignon, mwezi wa Novemba. Mume akanunua nyumba ndogo karibu na makaburi. Mwaka uliofuata akakipiga chapa kitabu cha juu ya uhuru ambacho walikitengeneza pamoja, akakitoa kwa jina lake, na kwa muda wa miaka iliyobaki akawa akikaa huko sehemu ya kila mwaka, akiandika, akibishana kwa barua na nusu ya Ulaya, akitetea haki ya wanawake kupiga kura hata Bungeni, na saa nyingine akizunguka vilimani kukusanya mimea, ambayo aliipenda tangu ujana na kuijua kama mtaalamu. Mapema mwezi wa Mei, 1873, akiwa na miaka 66, alitembea mwendo wa maili 15 hivi pamoja na Jean-Henri Fabre, bingwa wa habari za wadudu, wakitafuta mimea kwa siku nzima. Alirudi nyumbani, homa ikamshika, na siku chache baadaye akazikwa pamoja na mkewe.